Rangi za jezi: Wamarekani nao wana Simba na Yanga zao

NI siku ya soko hapa Mabanda, kusini kabisa mwa Burundi, na belo limekatwa kamba muda huo huo. Wanawake wameinama kulizunguka, mikono inaingia na kutoka, kila mmoja anavuta sweta au fulana na kuiinua juani kuona kama ina tundu. Mimi nilikuwa natafuta suruali ya kuvaa darasani. Mara mwenye belo, mama mmoja ambaye huvuka Mugina kwenda Manyovu karibu kila wiki, akanirushia fulana ya rangi ya chungwa kali, kifuani ina herufi T kubwa nyeupe.

“Mwalimu, wewe umesoma Tanzania. T hii si ya Tanzania?”

Watu wakacheka. Nikamwambia ni ya Tennessee, jimbo moja la Marekani, na kwamba kule kuna watu wanaoweza kununa wiki nzima kwa sababu ya fulana hiyo. Hakuamini. Akasema za chungwa ndizo zinazobaki chini ya belo kila mara, hazitoki hata kwa bei ya kutupa, isipokuwa kwa wabeba mizigo wa mpakani ambao hawachagui rangi.

Fulana hiyo naijua kwa sababu ya binamu yangu, mtoto wa mjomba. Mjomba alikimbia mwaka 1972, sisi tukakimbia 1993, tukakutana kambini Mtabila, kule Kasulu, ambako ndiko nilikosomea. Mwaka 2006 Marekani ilikubali kuwapokea wakimbizi wa 1972 ambao walikuwa wamehangaika kutoka nchi moja hadi nyingine bila kupata pa kukaa. Takriban watu 8,000 wakaondoka Tanzania kuanzia 2007, na mjomba na watoto wake wakaangukia mji wa Knoxville, Tennessee. Mimi nikarudi nyumbani mwaka 2009, miaka mitatu kabla Mtabila haijafungwa. Picha ya kwanza aliyotuma binamu ilikuwa ya watoto wake watatu wamesimama mbele ya uwanja mkubwa, wote wamevaa rangi ya chungwa. Nilidhani ni sare ya shule.

Swali la yule mama lilinikuta nina kesi ya rangi mkononi. Shule ninayofundisha ina timu ya soka, na jezi zake za zamani, za buluu, zilikuwa zimebaki matambara. Wazazi walichanga, si haba, fedha zikatosha jezi kumi na nne. Kisha ikaja zogo. Watoto waliorudi kutoka Nduta na Nyarugusu walitaka kijani na njano, kwa sababu wamekulia kwenye redio ya Yanga. Wenzao wachache, wa Simba, walitaka nyekundu. Wazazi wenyeji, wale tunaowaita abasangwa, walisema shule hii ilivaa buluu tangu kabla ya vita na itavaa buluu. Mzazi mmoja akatukumbusha kwamba zipo rangi nyingine zenye mambo ya siasa ndani yake. Hapo kamati yote ikanyamaza kwa muda.

Mimi, msomaji, nilikuwa upande wa kijani. Buluu sikuwahi kuivaa. Kambini tulicheza timu moja na fulana, nyingine vifua wazi, na mwalimu wetu wa michezo, Yanga damu, ndiye aliyetuletea vitambaa vya njano tukafunga mikononi.

Jioni ya siku ya soko nikampigia binamu. Nilitaka tu kumchekesha na habari ya T ya Tanzania. Tukazungumza saa nzima, na tangu siku hiyo nimekuwa nafuatilia mambo hayo ya rangi kwa udadisi ambao mke wangu anauona kama ugonjwa.

Kwanza tuelewane kuhusu mpira wenyewe. Si huu wetu wa miguu. Mpira wao una umbo la yai, wanaubeba mkononi, na wachezaji huvaa helmeti na vifaa vya kukinga mabega mpaka wanafanana na askari. Ajabu ni kwamba timu za vyuo vikuu hujaza viwanja kuliko klabu nyingi za dunia. Uwanja wa Neyland, pale Knoxville, unachukua watu zaidi ya 100,000. Cha Michigan, cha Ohio State na cha Penn State navyo vimevuka idadi hiyo. Kwa miaka mingi wanafunzi wanaocheza hawakuruhusiwa kulipwa hata senti kwa majina yao, huku jezi zenye namba zao zikiuzwa madukani. Ruhusa ya kujipatia fedha kwa jina na sura zao ilikuja Julai 2021. Mchezaji hukaa chuoni miaka minne, mitano, akaondoka. Kocha hufukuzwa. Kinachobaki kwa shabiki ni rangi, ndiyo maana anaishikilia kama kiwanja cha urithi.

Na rangi zenyewe zilizaliwa kwa njia za kawaida sana. Ile ya Tennessee ilichaguliwa mwaka 1889 na mwanafunzi aitwaye Charles Moore kutokana na maua ya deizi, meupe yenye kitovu cha rangi ya chungwa, yaliyoota kwenye kilima cha chuo. Wachezaji wa mpira walianza kuvaa fulana za chungwa mwaka 1922. Leo kivuli chake kina namba maalumu kwenye daftari la wapiga chapa, namba 151, na mashabiki wanaijua kwa kichwa. Mama yeyote wa mitumba atawaelewa: chungwa si moja. Kuna chungwa bichi na kuna chungwa lililoiva.

Waulize watu wa Texas. Nao huvaa chungwa, lakini lao ni zito, linaelekea kwenye rangi ya tofali. Husimuliwa kwamba zamani jezi zao za chungwa jepesi zilichuja kwa kufuliwa mpaka zikawa karibu njano kufikia mwisho wa msimu, na wapinzani wakawaita matumbo ya njano, ambayo kwa Kiingereza ni tusi la mwoga. Mwaka 1928 kocha akaagiza rangi nzito isiyochuja. Vita vya pili vya dunia vikaja, rangi ya kutia nguo ikawa adimu, wakarudia ile nyepesi, mpaka kocha Darrell Royal alipoirudisha nzito miaka ya 1960. Tangu hapo hakuna anayethubutu kuigusa.

Penn State ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Mwaka 1887 wanafunzi wake walichagua waridi na nyeusi. Naam, waridi. Wakashona majaketi na kofia. Chuo kinasimulia kwamba jua halikukawia: waridi likachuja likawa jeupe, na watu wakabaki na nguo nyeusi na nyeupe. Mwaka 1890 wakachagua buluu nzito na nyeupe, na jezi yao leo ni buluu tupu, haina urembo wala jina mgongoni. Shabiki wa Penn State atakuambia huo ndio uzuri wake, kwamba hakuna mchezaji mkubwa kuliko fulana.

Lakini mwaka 2012 majina yaliwekwa. Chuo kilikuwa kimetikiswa na kashfa nzito ya aliyekuwa kocha msaidizi, aliyetiwa hatiani mwaka huo kwa kuwadhalilisha watoto kijinsia. Timu ikaadhibiwa, wachezaji wakaruhusiwa kuhamia vyuo vingine, baadhi wakaondoka na wengi wakabaki. Kocha mpya akasema waliobaki wanastahili kujulikana kwa majina. Mashabiki waligawanyika. Wapo waliosema jina mgongoni ni kuvunja mila. Wapo waliosema mila iliyoficha mambo haina haja ya kulindwa hivyo, na kwamba vijana waliobaki nyumba ikiungua waandikwe majina yao wazi. Mwaka 2015 kocha mwingine akayaondoa, jezi ikarudi tupu. Nimelifikiria jambo hilo zaidi ya mengine yote. Nani alibaki na nani aliondoka ni hesabu tunayoijua sana huku kwetu, na sijawahi kuiona ikifanywa kwa uzi na sindano.

Michigan wao walichagua mwaka 1867, buluu na rangi ya mahindi. Nilidhani nimesikia vibaya, nikauliza mara mbili. Ni mahindi kweli. Na ugomvi wao ni ule ambao mkulima yeyote wa hapa Mabanda angeuingilia: mahindi gani? Kuna kipindi, kabla ya mwaka 2016, ambapo jezi zilitoka na njano inayowaka kama wino wa kupigia mistari kwenye daftari, na mashabiki wakalalamika miaka kadhaa kwamba hayo si mahindi, mahindi yaliyokauka vizuri yana uzito kidogo kwenye rangi yake. Helmeti yao ina mabawa yaliyochorwa mbele. Kocha Fritz Crisler aliyaleta mwaka 1938 ili mrusha mpira aweze kumtambua mwenzake kwa mbali katikati ya msongamano. Kazi hiyo haihitajiki tena, lakini mchoro huo, nadhani, ungetetewa kwa fimbo.

Mahasimu wao ni Ohio State, wenye nyekundu na kijivu tangu 1878. Wanasema kamati ya wanafunzi kwanza ilichagua chungwa na nyeusi, ikagundua kwamba chuo cha Princeton tayari kinazitumia, ikaziacha. Wiki ya kucheza na Michigan, watu wa Ohio State hufunika kila herufi M iliyoandikwa chuoni kwao kwa alama ya mkasi ya utepe mwekundu. Hata kwenye vibao vya majengo. Yule shabiki wa Yanga asiyetaka kitu chekundu kikatize mbele ya macho yake siku ya mechi ana ndugu zake Ohio.

Kwa upande wa pili wapo Oregon. Hawa rangi zao ni kijani na njano, kwa hiyo watoto wangu wa Nduta wangewapenda kabla hawajauliza neno. Ila kwa Oregon rangi ni mwanzo tu. Phil Knight, mwanzilishi wa kampuni ya Nike, alisoma hapo. Baada ya timu kufungwa na Colorado katika mechi ya Januari 1996 aliuliza inahitaji nini, na miongoni mwa vilivyofuata ni mavazi mapya, kisha mapya tena, mpaka ikawa karibu kila wiki helmeti, fulana na suruali zinapangwa upya: nyeusi, nyeupe, fedha, kijani kinachong'aa kama mgongo wa mende. Wazee wakashika vichwa. Vijana wa miaka kumi na saba, ambao ndio wanaochagua chuo cha kwenda kuchezea, wakamiminika. Januari 2011 na Januari 2015 Oregon ikafika fainali ya taifa, na ingawa ilifungwa zote mbili, wapo wazee waliokiri kwamba labda mende ana faida yake.

Hapo binamu na mwanawe hawakubaliani. Mwaka 2013 Tennessee ilitoa jezi za kijivu, ikazivaa dhidi ya Georgia na kufungwa katika muda wa nyongeza. Binamu anasema kijivu kilileta mkosi. Mwanawe, aliyezaliwa Mtabila na kuondoka akiwa mtoto wa kubebwa, alimpokonya simu akaniambia: “Baba mdogo, kijivu ni kizuri sana, baba amezeeka tu.” Wote wawili hata hivyo wanajivunia kwamba ni mashabiki wenyewe, si chuo, waliobuni mwaka 2014 utaratibu wa kuupamba uwanja mzima kwa miraba ya chungwa na nyeupe: kila sehemu ya viti inaambiwa ivae rangi gani, na watu laki moja wanatii. Ukizoea kuona jinsi foleni ya pale mpakani inavyokwenda, utaelewa kwa nini nilimwambia arudie.

Binti yake naye ana lake. Timu za wanawake za chuo hicho zilikuwa na jina lao, Lady Vols, na buluu nyepesi pembeni ya chungwa. Mwaka 2014 chuo kikatangaza kwamba, isipokuwa kwa mpira wa kikapu, jina hilo linaondolewa. Kelele zilipigwa, barua zikaandikwa, na mwaka 2017 likarudishwa. Binti anasema hiyo ndiyo mara ya kwanza alimwona mama yake akitia sahihi karatasi ya malalamiko katika nchi ile.

Nilimuuliza binamu kama chungwa hilo ni lake kweli au ameliazima. Alikaa kimya kidogo. Akasema kiwandani wanamuuliza anatoka wapi kila siku, kwa lafudhi yake. Jumamosi akivaa fulana ile hakuna anayemuuliza. Wanamuuliza tu kama ameona mpira. Kisha akanisimulia utani wa wapinzani: kwamba jezi ya chungwa ni nzuri kwa mtu mvivu, Jumamosi unaivaa mpirani, Jumapili unaivaa kwenda kuwinda ili usipigwe risasi, Jumatatu unaivaa kuokota takataka barabarani. Ile niliyoinunua kwa mama wa belo mimi naivaa shambani.

Kuna kisa kimoja nilichowapelekea wanakamati. Kwa kawaida mwenyeji huvaa rangi na mgeni huvaa nyeupe. Lakini USC na UCLA, vyuo viwili vya Los Angeles, zamani walikuwa wakitumia uwanja mmoja na wote wakivaa rangi zao, nyekundu nzito dhidi ya buluu nyepesi. UCLA ikahama mwaka 1982 na desturi ikafa. Desemba 2008 kocha wa USC, Pete Carroll, akaamua kuifufua ugenini, akijua sheria itamnyang'anya muda mmoja wa mapumziko. Waamuzi wakauchukua. Kocha wa UCLA akatumia papo hapo muda wake mmoja bila haja yoyote, ili wawe sawa. Mwaka uliofuata sheria ikabadilishwa: timu mbili zikikubaliana, zote zivae rangi.

Mwenyekiti wa kamati alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: “Kwa hiyo Mwalimu, tununue jezi mbili? Fedha hizo ziko wapi?”

Hakukuwa na fedha hizo. Mzee mmoja, mwenyeji, akasimama. Alisema ndugu yake aliichezea shule hii katika buluu, na aliuawa 1993 akiwa bado anaitunza fulana hiyo ndani ya sanduku. Hakusema zaidi. Mama mmoja aliyerudi mwaka jana akajibu kwa upole kwamba mwanawe naye anacho cha kukumbuka, na alichonacho ni kijani. Tambwe alitoka Simba akaenda Yanga, akaongeza kijana mmoja aliyekaa dirishani, na Saido naye akaivaa Yanga kisha Simba, na wote ni Warundi, mbona hawakufa? Watu wakacheka, na kicheko hicho kilitusaidia.

Ilipofika kupiga kura nilinyoosha mkono kwa buluu. Wanafunzi wangu kadhaa walikuwa nje wanachungulia. Kesho yake mmoja hakuniamkia. Mwingine alinikabili mlangoni: “Mwalimu, wewe ni wa kwetu, umetuuza.” Sikuwa na jibu la kumtosha. Nilimwambia tu kwamba namba za mgongoni zitakuwa njano, jambo ambalo kamati ilikubali bila ugomvi kwa kuwa kitambaa cha njano ndicho kilichokuwa rahisi. Fulana tulizinunua kwa yule mama wa belo, alizichambua wiki tatu mpaka zikatimia kumi na nne zinazokaribiana, moja ikiwa na alama ya Michigan begani ambayo fundi aliifunika kwa kiraka.

Mechi ya kwanza ilikuwa hapa hapa nyumbani, dhidi ya shule ya jirani. Mvua ilianza dakika ya kumi na haikukatika. Buluu ya fulana ikachuja, ikaingia kwenye njano, na kufikia kipindi cha pili namba zote kumi na moja zilikuwa kijani. Tulifungwa 2-1. Yule kijana aliyesema nimewauza, namba saba, alikuja kando ya uwanja akiwa ametapakaa matope, akanigeuzia mgongo ili nione.

“Mwalimu, Yanga imekuja yenyewe.”

Mama wa belo, ambaye mwanawe ndiye golikipa, akasema tuziloweke kwenye maji ya chumvi usiku huo huo, kabla hazijakauka, njano itarudi. Wachezaji walikataa kuzivua.